Ganeti Kumi na Tisa

Nitaanza na balbu. Watu wakisikia habari hii hukimbilia kunilaumu moja kwa moja, nami sikatai lawama, ila nataka nilaumiwe kwa mpangilio.

Kazi yangu ni kukata vito. Nimeifanya miaka thelathini na minne katika chumba kilekile cha ghorofa ya pili, nyuma ya duka la vioo. Kuna dirisha moja kubwa, meza iliyochimbika pale ninapoegemeza kiwiko, gurudumu la kusagia linalodondoshewa maji tone kwa tone, na taa inayoning'inia kwa waya juu ya kichwa changu. Aliyenifundisha kazi alinipa sheria moja kabla hajaniruhusu hata kugusa gurudumu: jiwe haliamuliwi kwa mwanga mmoja. Liangalie dirishani, kisha liangalie chini ya taa, ndipo ufungue mdomo. Sheria hiyo sijawahi kuivunja. Hata siku ninayoisimulia sikuivunja, na hapo ndipo penye uchungu wote.

Taa yangu ya miaka yote ilikuwa na balbu ya njano, zile za zamani zenye uzi ndani, zinazounguza vidole. Siku moja ikaungua. Nikaenda dukani, muuzaji akanicheka. "Mzee, hizo siku hizi labda uzitafute makumbusho." Akanipa nyeupe, ya kubana umeme. Nilipoiwasha nilifurahi kama mtoto. Chumba kilikuwa cheupe pe, macho yakapumzika, nikaona hata vumbi ambalo sikujua ninaishi nalo. Nikajiambia kumbe nilikuwa ninateseka bure.

Sasa shemeji yangu. Mume wa dada yangu alikuwa mchimbaji, na watu wote walimwita Kesho, kwa sababu ukimuuliza atalipata lini hilo jiwe lake, jibu lilikuwa hilohilo. Kesho. Miaka kumi na minne. Wenzake walichimba, wakapata walichopata au wakakosa, wakatoka wakafanya mambo mengine. Yeye aliendelea kushuka shimoni. Dada yangu aliwalea watoto watatu kwa cherehani. Katika ukoo wetu, mtoto akiahirisha kuoga aliulizwa kama anataka kuwa Kesho, na aliyeanzisha mzaha huo ni mimi, nisijifiche. Nilimwona mtu aliyemchezea dada yangu maisha, nami nilihakikisha analijua hilo kila tulipokaa meza moja.

Vumbi la mwamba likamwingia kifuani. Akatoka shimoni kwa mara ya mwisho akikohoa, na mkononi ameshika jiwe.

Hakuweza kupanda ngazi za kwangu, kwa hiyo alilileta dada. Alikuwa amelifunga ndani ya soksi ya mtoto. Alilitoa akaliweka mezani, lina ukubwa wa ncha ya kidole gumba changu, na kidole changu si chembamba.

"Anasema usilikate kabla hujaliangalia vizuri," akaniambia. "Anasema ni mawe mawili kwenye jiwe moja. Mchana ni la kijani, kwenye mshumaa ni jekundu."

"Kwenye mshumaa hata meno yako mekundu."

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, mikono juu ya mapaja.

"Kaka, nisikilize. Hajaulizia hata bei. Daktari ametuambia mapafu yamekwisha, ni suala la wiki. Anataka kitu kimoja tu kutoka kwako. Umwambie kama alikuwa na akili timamu miaka yote hii, au alikuwa anatupotezea maisha. Wengine wakisema hawaamini. Wewe ukisema ataamini, maana anajua humpendi na huwezi kumbembeleza."

Hilo lilinichoma kidogo, lakini lilikuwa kweli. Nikachukua kibano na lenzi, nikaenda dirishani. Jiwe lilikuwa la kijani kilichofifia, chenye ubuluu kwa mbali, rangi ya chupa kuukuu. Katikati lina ufa mwembamba. Nikarudi mezani, nikaliweka chini ya taa. Kijani kilekile. Nikaligeuza pande zote. Kijani.

"Mwenye macho haambiwi tazama," nikamwambia dada. "Njoo uone mwenyewe. Dirishani kijani, kwenye taa kijani. Ganeti ya kawaida, kito cha bei ndogo."

Akaangalia. Akatikisa kichwa polepole, akalirudisha jiwe kwenye soksi na kuliweka kwenye pochi.

Kiberiti kilikuwa mezani. Nakitumia kila siku kuwasha moto wa kuyeyushia lakiri, ile ninayogandishia jiwe kwenye kijiti ili nilishike wakati wa kulisaga. Ningezima taa, nifunge dirisha, niwashe njiti moja. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimeshafuata sheria, mianga miwili, na fundi anayefuata sheria hujiona hana deni kwa mtu. Sikujua kwamba ile balbu nyeupe haina tofauti na dirisha. Nilikuwa nimelitazama jiwe mchana, kisha nikalitazama mchana tena.

Jioni ile nilikwenda mwenyewe kumpa jibu. Alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mito minne mgongoni ili apumue.

"Ni ganeti ya kawaida, shemeji."

"Hata kwenye taa?"

"Hata kwenye taa."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani atabisha, nami nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akatabasamu. "Basi," akasema. "Basi nilikuwa mjinga. Likate, ufanye unavyoona. Utakachopata mpe dada yako." Dada akanirudishia ile soksi na jiwe lake ndani.

Nisiseme uongo: niliposhuka barabarani nilikuwa na raha. Miaka kumi na minne nilikuwa nikisema jambo moja, na hatimaye limethibitishwa kwa lenzi. Nilinunua hata karanga nikatafuna njiani.

Sonara ninayefanya naye kazi alikuwa ameniagiza vito vidogo vya kijani vinavyofanana kwa mkufu mmoja, kumi na tisa, kila kimoja kama punje ya mtama. Jiwe lenye ufa huwezi kulifanya kito kimoja kikubwa bila lawama, ndivyo nilivyowaza, afadhali lipasuliwe kufuata ufa. Nikalipitisha msumeno wa almasi. Vipande viwili, kisha vinne, kisha vidogo vidogo. Siku sita nilikaa pale nikigandisha kipande kimoja kimoja kwenye lakiri, moto mbele ya pua yangu, na mwanga mweupe wa juu ukiumeza mwanga wa ule moto. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda na maji, tope la kijivu kwenye ndoo, nikalimwaga kwenye bomba la choo. Kazi ilikuwa safi. Nilimpelekea dada malipo yake kamili, akamnunulia mgonjwa godoro jipya.

Wiki mbili baadaye dada alipita kwangu. Nilimwona amenawiri, nikashangaa.

"Ameniomba msamaha," akasema. "Alinikalisha pale kitandani, akahesabu mwaka mmoja mmoja. Mwaka huu ulijifungua sipo. Mwaka huu uliuza kabati la mama yako. Akaniomba msamaha kwa kila mmoja. Nami nikamsamehe, kaka, kwa moyo wote. Unajua hatukuwa tumecheka pamoja tangu huyu wa mwisho azaliwe? Sasa tunacheka mpaka namwambia anyamaze, kifua kitamuua." Akafuta macho. "Asante kwa kumwambia. Ungemdanganya angekufa akibishana na ukuta."

Nikapokea ile asante nikaiweka kibindoni.

Kisha akaja sonara. Aliingia saa tatu asubuhi bila kubisha hodi, jasho likimtiririka, akautupa mkufu mezani.

"Umeniua. Mteja amerudisha. Alinunua wa kijani kwa sababu ya gauni la kijani. Amefika kwenye sherehe, ukumbi una taa za zamani, wenzake wanamuuliza mbona umevaa nyekundu. Ananiita tapeli!"

"Amelewa huyo."

"Na mimi nimelewa? Nimeona kwa macho yangu. Nimewasha mshumaa nyumbani mbele ya mke wangu."

Nilisimama nikafunga dirisha kwa gunia, nikazima taa, nikatafuta kiberiti kwa kupapasa. Njiti ilipowaka, ganeti zote kumi na tisa zilikuwa nyekundu, wekundu wa zambarau, kama divai. Njiti ikaniunguza vidole, nikawasha nyingine. Niliwasha njiti saba. Sonara aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nikisema "hapana" kila moja ilipozimika.

Bado nilijipa tumaini la kipumbavu. Nilijiambia labda ni jambo la kawaida, labda ganeti hizo hazina thamani yoyote, ni mchezo tu wa mwanga. Nikaupeleka mkufu kwa Mama Droo.

Mama Droo ni daktari wa meno aliyestaafu. Anakusanya vito na hauzi hata kimoja. Sebuleni kwake kuna kabati lenye droo nyembamba tisini na sita, kila droo ina pamba, kila pamba ina jiwe moja. Hutazama jiwe kama alivyokuwa akitazama midomo ya watu, kichwa kimeinama upande, akitafuta kilichooza. Juu ya meza yake kuna taa mbili, moja nyeupe na moja ya njano. Nimewahi kumfanyia kazi mara nyingi na siku zote nilidhani ya njano ni pambo.

Akawasha nyeupe. Kijani. Akazima, akawasha ya njano. Nyekundu. Akazima, akawasha, akazima.

"Umezitoa wapi?"

"Zina thamani?" nikauliza, nikiomba moyoni aseme hapana.

"Sikiliza, fundi. Nyekundu ninazo. Kijani ninazo. Mtu anayekusanya vito hafi kwa kuvikosa, hufa kwa kuvizoea. Nikifungua droo ninajua nitakuta nini, kama ndoa ya zamani. Lakini jiwe hili hujui. Unalifungia likiwa la kijani, unalifungua usiku linakutazama jekundu. Haliwezi kuzoeleka." Akavuta droo ya chini kabisa, akanionyesha. Pamba nyeupe, haijabonyea. "Hii nimeiacha tupu miaka ishirini na mbili. Tupo watano tunaoandikiana barua, kila mmoja ana droo moja tupu kwa ajili ya hili. Si kwa vidogo hivi, vidogo tunaviona. Vinabadilika, lakini kama mtu anayenong'ona. Tunangoja kubwa." Akaninyanyulia macho. "Jiwe lenyewe, kabla ya kukatwa, lilikuwa na ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kidole gumba.

Akakaa chini.

"Lilikuwa na ufa," nikasema haraka. "Katikati. Nisingeweza..."

"Ufa ningeuvumilia. Mimi mwenyewe nina ufa." Akazima taa zote mbili. "Nani alilikata?"

"Mimi."

Akauchukua mkufu, akaupitisha kwenye lenzi, kito kwa kito, mpaka cha kumi na tisa. Kisha akanirudishia.

"Kazi safi," akasema.

Hakuna tusi nililowahi kutukanwa lililonifika kama hilo. Nilimwomba aniazime tochi yake ya balbu ya njano, akanipa bila kuniuliza ni ya nini.

Sonara alikuwa ananingoja barabarani. Nilimweleza yote, hata habari ya Kesho, kwa sababu nilikuwa siwezi kutembea nayo peke yangu. Alikuwa amesahau mteja wake na hasira zake.

"Nyamaza," akaniambia. "Nakuomba sana, nyamaza. Mgonjwa amepata amani, unataka umwamshe umwambie nini?"

"Kwamba hakuwa mjinga. Ndicho kitu pekee alichoniuliza, nami nilimpa jibu la uongo."

"Hukujua kwamba ni uongo."

"Sasa ninajua."

"Na ukishamwambia kwamba hakuwa mjinga, hatauliza jiwe liko wapi? Ni mgonjwa wa mapafu, si wa kichwa." Akanishika bega. "Niambie ukweli. Unakwenda kwa ajili yake, au unataka kupumua wewe?"

Nikamwambia aende zake akaunge mabati, hayo ndiyo anayoyaweza. Nilimrudishia mkufu, akachomoa ganeti moja akanipa, akaondoka bila kuniaga.

Niliwaza siku mbili. Nilijiambia mtu ana haki ya kufa akiwa na jina lake safi. Nilijiambia aliyemvua heshima ni mimi, na wa kumrudishia ni mimi. Yote hayo bado naona ni kweli, na hayajanisaidia lolote. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nikapiga moyo konde nikaenda.

Nikiwa bado mlangoni niliwasikia wakicheka. Dada alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akimkata mgonjwa kucha, na Kesho alikuwa anamwambia asimkate kidole, ndicho kiungo pekee kilichobaki kizima. Alikuwa amenyolewa ndevu. Alikuwa amekonda mpaka masikio yalionekana makubwa.

"Karibu, shemeji," akasema. "Njoo ukae na mjinga mwenzako."

Sikukaa. Nilijua nikikaa sitasimama tena. Nikakitoa kile kito, nikakiweka kwenye kiganja chake karibu na dirisha. "Kina rangi gani?"

"Kijani."

Nikavuta pazia, chumba kikaingia giza. Nikawasha tochi.

Kifua cha Kesho kilipanda, kikakwama, kikashuka. Dada alisimama, mkasi ukaanguka sakafuni. Kiganjani mwa mumewe mlikuwa na tone jekundu.

"Nilisema," Kesho akanong'ona. Machozi yalimtiririka mpaka kwenye masikio. "Si nilisema? Mama watoto, si nilikwambia? Nilisema mimi."

"Ulisema," dada akajibu, akilia.

"Ulikuwa sahihi, shemeji," nikasema. "Mimi ndiye niliyekosea. Taa yangu ilikuwa... Nilikosea. Kuna mama anayekusanya vito, ameliwekea jiwe hili droo tupu miaka ishirini na mbili. Watu duniani wanalitafuta. Hukuwa mjinga hata siku moja."

Kwa muda, sijui nusu dakika, niliuona uso wake kama ambavyo sijawahi kuuona. Nusu dakika ile nilidhani nimefanya jema. Kisha akakipapasa kile kito kwa ncha ya kidole. Akakipima kati ya kidole gumba na cha shahada, kama mchimbaji.

"Hiki ni kidogo," akasema.

"Ndiyo."

"Ulipasua kufuata ufa?"

"Ndiyo."

"Vingapi?"

Nilitaka kusema vitatu. Nilitaka kusema vinne, na kwamba vimekwenda kwa huyo mama mwenye kabati. Dada alikuwa ananitazama.

"Kumi na tisa."

Alifumba macho. "Zima hiyo tochi," akasema. Nikazima. Hakuna aliyefungua pazia, tukabaki gizani watatu, mchana kweupe, na sauti pekee ilikuwa ya pumzi yake ikikwaruza.

"Dada yako nilimwomba msamaha," akasema.

"Najua."

"Mwaka mmoja mmoja. Akanisamehe yote. Nilikuwa nimeshazoea kuwa mjinga, shemeji. Si vibaya kama watu wanavyodhani. Mjinga akisamehewa analala." Akakohoa kwa muda mrefu, dada akamshika mgongo, naye akauondoa mkono huo kwa upole. "Sasa nifanye nini? Nirudi nimwambie msamaha wake niliuchukua bure? Nilikuwa nalo mkononi. Lilikuwa hapa, mkononi mwangu, nikakupa wewe." Akanyoosha kiganja gizani nikakichukua kile kito, kilikuwa kimelowa. "Ungeniachia ujinga wangu. Ulikuwa unanitosha."

Dada ndiye aliyenifungulia mlango. Hakunigombeza, na hakuniambia nirudi lini.

Aliishi siku tisa baada ya hapo. Watoto wananiambia hakumsemesha mtu, na kwamba mama yao alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda kila siku akimwambia kwamba yeye bado amemsamehe, na baba yao akigeukia ukutani.